Jiko likae nje

Nimekuwa kimya wiki tatu hivi, na wengine mmeshaanza kuniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikwenda Njombe kwa dada yangu, na nimerudi na jambo ambalo nimeliandika na kulifuta mara mbili, kwa sababu linanihusu mwenyewe na halinipambi hata kidogo. Leo naliandika bila kulifuta.

Dada alijifungua mwezi Juni. Mtoto wa kike, wa kwanza kwake, na kwangu mimi ndiye mpwa wa kwanza. Nikaomba likizo, nikapanda basi la Songea kwenda kumwona. Anayeijua Njombe ya mwezi wa saba hahitaji kusimuliwa. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ukiongea mvuke unakutoka mdomoni kama mvuta sigara, maji ya bomba yanauma vidole, na ukisogea mbele kuelekea Makete na Kitulo unakuta umande umeganda juu ya majani. Mimi mtu wa Dar nililala na koti na soksi pea mbili.

Shemeji alikuwa safarini, anaendesha lori la mbao. Nyumbani tulikuwa wanne: dada, mama mkwe wake aliyekuja kumlea mzazi, mtoto, na mimi. Wao watatu walilala chumbani, mimi sebuleni kwenye kochi.

Usiku wa tatu baridi ilizidi. Mama akaniita: "Mjomba, hebu tusaidie hilo jiko, mtoto asije akapata kichomi." Nikatoka nje, nikawasha mkaa, nikapepea. Na kwa kuwa mimi ni mtu niliyesoma, sikuliingiza jiko likiwa linafuka. Nilingoja. Nilingoja mpaka makaa yakawa mekundu kabisa, hakuna hata uzi mmoja wa moshi. Mama akachungulia, akasema, "Hayo yameiva, lete." Nikalibeba mpaka pembeni mwa kitanda. Dada akasema, "Kaka, funga mlango baridi isiingie." Nikafunga. Nikarudi kwenye kochi langu nimeridhika, mjomba aliyefanya kazi ya mjomba.

Saa nane usiku na ushee nikasikia kishindo. Dada alikuwa ameamka kunyonyesha. Kichwa kinamgonga, miguu haina nguvu, akaburuza mwili mpaka mlangoni, akafungua komeo na kuanguka hapo hapo. Nilipoingia, joto la chumba lilinipiga usoni. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anasema anataka kutapika, lakini maneno yanatoka kama ya mlevi. Mtoto amelala kimya. Nilipomnyanyua alilegea mikononi kama kanga iliyolowa. Alikuwa wa moto. Joto tulilokuwa tunamtafutia alilipata lote.

Tulitoka barazani, kwenye baridi ile ile tuliyokuwa tunaikimbia. Nikamfunua uso, nikampapasa miguu, nikamwita kwa jina alilokuwa nalo kwa mwezi mmoja tu. Sijui zilikuwa dakika mbili au kumi. Kisha akapiga chafya, akaanza kulia. Jirani akatoa gari, tukaenda hospitali, wote watatu wakawekewa oksijeni. Siku ya pili wakaruhusiwa. Muuguzi mmoja mama mtu mzima aliniambia maneno machache tu: "Mna bahati mtoto ananyonya usiku."

Ndiyo hivyo. Jiko nililibeba mimi.

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi. Habari za namna hii nimeshaziandika kazini. Kila msimu wa baridi zinakuja, nyingine kutoka kwetu nyanda za juu, nyingine kutoka Nairobi na viunga vyake. Mnajua zinavyoandikwa. Aya nne. Idadi ya waliokufa, umri wao, kamanda wa polisi amethibitisha, chanzo kinadaiwa kuwa ni jiko la mkaa walilowasha ili kupata joto, miili imehifadhiwa hospitali. Na neno letu siku zote ni lile lile: wamekosa hewa.

Neno hilo ndilo lililonidanganya. Ukisikia "wamekosa hewa" unapata picha ya moshi mzito, watu wanakohoa, chumba kimejaa. Kwa hiyo unaogopa moshi. Ukingoja moshi uishe unajiona mwerevu. Lakini kinachoua si moshi. Ni gesi inayoitwa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, wala haikukerezi kooni. Wengine magazetini huiita hewa ya ukaa, kumbe hewa ya ukaa ni gesi nyingine kabisa, ile tunayoitoa tukipumua na inayotiwa kwenye soda. Na mkaa uliokolea, ule mwekundu mzuri usio na moshi, unaitoa gesi hii kwa wingi. Yaani ule muda tunaosema "yameiva, ingiza" ndio muda tunaingiza sumu.

Inafanyaje kazi? Ndani ya damu kuna kitu kinaitwa himoglobini, ndicho kinachobeba oksijeni kuipeleka mwilini, kama daladala inavyobeba abiria. Gesi hii inaing'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Inapanda daladala, inakaa viti vyote, na haishuki. Oksijeni inabaki kituoni. Unaumwa kichwa, unapata kizunguzungu, kichefuchefu, mwili unalegea. Ukiwa macho unaweza kushtuka na kutoka. Ukiwa usingizini unaendelea kulala. Na mtoto mchanga anapumua kwa kasi kuliko sisi, kwa hiyo anaivuta haraka zaidi.

Mimi napendekeza tuipe jina la kwetu ambalo hata mtu asiyesoma atalielewa: sumu ya mkaa. Tukiandika "wamekufa kwa sumu ya mkaa", mtu atauliza, kumbe mkaa una sumu? Na hilo swali pekee lingetosha kumrudisha mlangoni na jiko lake. Sisi waandishi tunapenda kusema kalamu ina nguvu. Basi tuanze na neno moja.

Najua kuna atakayesema, "Mbona bibi zetu walilala na moto miaka yote na hawakufa?" Swali zuri. Bibi zetu walilala kwenye nyumba gani? Nyumba ya nyasi inapumua. Hewa inapita kwenye paa, inapita kwenye kuta, na moto wa kuni una moshi unaokutoa machozi na kukufukuza ukizidi. Sisi tumejenga kwa matofali na bati, tumepiga dari, tumeweka vioo madirishani, na ukifika mwezi wa saba tunachomeka matambara kwenye nyufa zilizobaki. Tumechukua desturi ya nyumba yenye matundu tukaileta kwenye nyumba iliyozibwa. Kosa si la bibi.

Wala hofu ya bibi kuhusu baridi si ushirikina. Hapa nataka tuelewane, maana sisi vijana wa mjini tuna tabia ya kucheka ushauri wa wazee kabla ya kuuelewa. Mtoto mchanga anapoteza joto haraka kweli. Mwili wake ni mdogo lakini ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na uzito wake, kichwa chake ni kikubwa, na hawezi kutetemeka vizuri kama sisi ili ajipashe moto. Ana akiba kidogo ya mafuta ya kahawia, mengi yakiwa mgongoni kati ya mabega na shingoni, ambayo mwili wake huyachoma kutoa joto. Akizaliwa njiti, hata hayo ni haba. Shirika la Afya Duniani linasema joto la mtoto mchanga liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka chini ya hapo ananyonya kwa shida, nguvu zinapungua, maambukizi yanampata kirahisi. Kwa hiyo mama mkwe wa dada alikuwa sahihi kuogopa. Dawa ndiyo aliyoikosea, na mimi msomi nikamshikia.

Dawa yenyewe ipo na haiuzwi. Mwaka 1978, mjini Bogotá huko Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi iliyojaa watoto njiti na mashine za kuwapasha joto hazitoshi. Akaamua kuwaweka vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakinyonya maziwa ya mama. Ndiyo asili ya kile tunachokiita leo njia ya kangaroo. Miaka mingi ilionekana kama njia ya maskini wasio na mashine. Kisha mwaka 2021 yakachapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania. Watoto zaidi ya 3,200 waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo 1 na pungufu kidogo ya 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12 ndani ya siku 28. Wale waliosubiri mpaka hali zao zitulie, kama ilivyokuwa desturi, walikufa asilimia 15.7. Yaani kifua cha mtu kiliokoa mtoto mmoja katika kila wanne ambao wangekufa.

Kifua cha mtu, nimesema, sikusema cha mama tu. Baba anaweza. Bibi anaweza. Hata mjomba aliyetoka Dar na koti lake anaweza. Usiku ule ningekaa na mpwa wangu kifuani, yeye na nepi na kofia tu, mimi nimevua shati, kanga imetufunga wote wawili na blanketi juu ya mabega yangu, nikiwa macho, huku dada amelala. Ningempa joto kuliko jiko lolote. Ila sikuwaza, kwa sababu kichwani mwangu kazi ya mwanamume kwenye malezi ni kubeba vitu vizito na kuwasha moto.

Baada ya hapo nguo kidogo kidogo za kupangana, hasa za pamba, zinazidi blanketi moja zito. Kipimo kinachotajwa sana ni tabaka moja zaidi ya unavyovaa wewe, mawili kwenye baridi kali. Kofia kwa mtoto mchanga wa mahali pa baridi. Nguo ikilowa, badilisha hapo hapo. Kama kitanda ni cha baridi, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri ikipashe kitanda, kisha itolewe kabla mtoto hajalazwa. Ukitaka kujua kama ana baridi usimshike vidole, vidole vya mtoto hudanganya. Mshike shingo kwa nyuma au kifua. Pakiwa na uvuguvugu, yuko sawa. Pakiwa na jasho, umezidisha.

Na kuzidisha ndiyo ugonjwa wetu wa huku pwani. Wiki niliyorudi Dar nilikwenda kumwona mtoto wa mshikaji wangu Tabata. Miezi mitatu. Chumba kina bati bila dari, nguo yangu imeshika mgongo kwa jasho, na mtoto amevalishwa sweta, kofia, soksi, amefungwa kwenye shali ile ya manyoya tunayopeleka kama zawadi. Feni imezimwa, eti itamtia kichomi. Uso mwekundu, nywele zimelowa. Nikauliza, akajibiwa kwa niaba yake na shangazi: "Mtoto anahitaji joto, mwanangu." Anahitaji, shangazi, lakini Dar tayari limo.

Ona jinsi ushauri mmoja unavyosafiri vibaya. Wa Makete umefika Tabata bila kuvua koti. Mtoto aliyepata joto kupita kiasi naye yuko hatarini. Joto kubwa limehusishwa na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini, vile ambavyo asubuhi mtu anamkuta mtoto hayupo tena na hakuna ugonjwa ulioonekana. Na ile shali laini, ule mto wa kuvutia, yale manyoya, vyote vinaweza kumfunika pua, na yeye hana nguvu ya kuvisukuma. Godoro la mtoto linatakiwa liwe gumu na tupu. Mdudu wa kumwogopa Dar ni mbu, na dawa yake ni chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro. Feni isimpige usoni moja kwa moja, basi.

Kuna jambo lingine nalipenda kwa sababu linatushusha sote, wazee kwa wasomi. Mtoto alale chali. Leo kliniki wanakuambia hivyo bila kusita. Lakini daktari maarufu wa Marekani, Benjamin Spock, aliyeuza vitabu vya malezi kwa mamilioni, kuanzia matoleo ya miaka ya 1950 alishauri walazwe kifudifudi, akihofia wakicheua watapaliwa. Nchi nyingi tajiri zikafuata. Baadaye watafiti wakagundua kwamba wanaolala kifudifudi ndio wanaokufa zaidi. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na vifo hivyo vikapungua kwa zaidi ya nusu. Vitabu navyo vimeua, ndugu zangu. Tofauti ni kwamba mtu alihesabu, akaona kosa, na wakubwa wakakubali kubadilisha. Hicho ndicho tunachotakiwa kuiga, kuhesabu na kukubali.

Halafu suala la kitanda. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema mtoto alale chumba kimoja na wazazi lakini kitanda chake. Waingereza wanakiri kwamba wazazi wengi watalala naye tu, kwa hiyo wanafundisha namna ya kupunguza hatari. Mimi niko upande wa Waingereza kwa hili, kwa sababu wengi wetu tumepanga chumba kimoja, kitanda kimoja, na besela hata ukipewa bure hulipati pa kuliweka. Kumwambia mama wa Manzese asilale na mtoto ni kumwambia asimamie ukutani. Tumwambie yanayowezekana. Aliyelewa asilale na mtoto, narudia, aliyelewa asilale na mtoto, na hapa akina baba mnajijua. Anayevuta sigara vivyo hivyo. Mtoto aliyezaliwa njiti au mwenye uzito mdogo hatari yake ni kubwa zaidi, huyo apate sehemu yake. Mito na blanketi zito zisogee mbali na uso wake. Na kochi ndilo baya kuliko vyote, usisinzie naye pale hata kama umechoka namna gani.

Sasa lawama tumpe nani? Nikirudi ofisini najua habari ya aya nne itakuja tena mwakani ikifika Juni. Watu hawaingizi jiko kwa ujinga. Wanaliingiza kwa sababu usiku una baridi na mkaa ndio walionao. Ukiwaambia "acheni" na kuondoka, umewaacha na baridi. Kwa hiyo naomba mambo mawili tu. Moja, kliniki wanapomfundisha mama chanjo na lishe, wamwambie na jiko, na wamwite baba asikie njia ya kangaroo hata kama mtoto si njiti. La pili ni letu wa vyombo vya habari. Habari ya familia iliyokufa iwe na aya ya tano: kilichowaua kinaitwa sumu ya mkaa, hakionekani, hakinuki, kinatoka hata kwenye makaa yasiyo na moshi, na dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi kukuhakikishia usalama. Ukiona watu wawili chumbani wanaumwa kichwa kwa pamoja, toeni mtoto kwanza, tokeni wote, kimbilieni hospitali. Aya moja. Haihitaji mhariri apunguze tangazo.

Mama mkwe wa dada alinipigia simu juzi. Tulisalimiana, "kamwene", akanipa habari za mvua na viazi, kisha akasema mtoto ameanza kucheka. Hatukuzungumza juu ya usiku ule. Kabla ya kukata akaniambia, "Mjomba, jiko siku hizi halivuki kizingiti." Nikamjibu, "Asante, mama." Sikuwa na jingine la kusema.

Wewe unayesoma hapa na una ndugu Njombe, Mbeya, Iringa, Lushoto, Limuru au kokote kwenye baridi, mpigie leo. Usimpeleke kwenye makala hii, mwambie kwa mdomo wako. Jiko likae nje.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.